Nguo Kuukuu Huzuia Mshale Kuliko Mlango

Ukitaka kujua mshale unatoboa vitu gani vya nyumbani, kabla ya kutafuta cha kutoboa, tafuta cha kuzuia. Mimi huanza na gunia la nguo kuukuu lililoshindiliwa hadi likakakamaa, na nyuma yake tuta la udongo. Majaribio nayafanyia shambani kwa rafiki yangu huku Ohio, si uani kwangu, maana mshale uliokosa shabaha huruka mita mia na ushee bila kuuliza ni ua wa nani.

Nina upinde wa kawaida wenye mvuto wa ratili 40, na krosibo ya ratili 150, yaani upinde uliolazwa juu ya kitako cha bunduki. Watu hubishania ratili. Mimi nauliza uzito na kasi ya mshale. Wa upinde una gramu 25, na ukitoka kwa mita 50 kwa sekunde unabeba jouli 31 hivi. Wa krosibo una gramu 26, lakini kwa mita 95 kwa sekunde unabeba jouli 117. Uzito ni karibu uleule. Kasi ndiyo iliyofanya kazi.

Simama mita 10, vaa miwani ya kukinga macho, na utumie ncha za mazoezi za aina moja. Kila kitu unachokilenga kikazwe kwenye fremu ya mbao. Sufuria inayoning'inia husukumwa nyuma ikala nguvu ya mshale, nawe ukadhani bati lake ni gumu. Vioo na zege viache kabisa.

Sufuria ya alumini haikuwa na ubishi. Ila litazame tundu: kingo zake hujikunja kwa ndani zikaung'ang'ania mti wa mshale, na kuuchomoa kunataka plaizi. Mlango mwepesi wa chumbani, ule wenye karatasi katikati, ulipitwa kirahisi na mishale yote. Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo iliyoonyesha tofauti: mshale wa upinde ulichungulia ncha tu upande wa pili, wa krosibo ukazama hadi nusu.

Gunia, ambalo kidole kinalibonyeza, lilisimamisha mishale yote miwili. Mlango hupambana na ncha peke yake. Ikishapenya, mti unafuata bila shida. Nguo huubana mti mzima, na kila sentimita inayoingia huongeza msuguano. Ncha za kuwindia zenye makali usizijaribu hapo: hukata nyuzi, zikapita, au zikanasa zisitoke tena.

Krosibo usiifyatue tupu bila mshale. Nguvu hurudi kwenye mikono ya upinde wake na huweza kuipasua. Na mshale wa kaboni uliogonga kitu kigumu ukunje kidogo huku ukisikiliza, umevaa glavu. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje vipande viwili ndipo uutupe, asije mtu akauokota na kuurusha.