Mambo ya Ajabu ya Majira ya Kiangazi

Wakulima wengi hudhani kwamba wakati wa kiangazi adui yao ni jua peke yake. Katika somo la mwezi huu tutaona kwamba katika nchi za juu, kama Kinangop na Ol Kalou, yuko adui mwingine ajaye usiku, naye ni baridi. Mkulima afahamuye sababu yake aweza kuokoa viazi vyake.

1. Joto haliletwi na ukaribu wa jua

Watu husema kuna joto kwa sababu jua limetukaribia. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kiasi cha kilomita milioni 152. Lakini Julai ndiyo katikati ya kiangazi cha Ulaya! Sababu ni kwamba dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama. Juni na Julai upande wa kaskazini huwa umelielekea jua, hata mchana wa London huzidi saa 16.

Sisi tunakaa karibu na mstari wa ikweta, upitao Nyahururu na Nanyuki. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Basi, kiangazi chetu cha Januari na Februari chatoka wapi? Chatokana na mbingu zisizo na mawingu. Julai mawingu hulifunika jua, nasi twavaa makoti. Januari mawingu huondoka, na jua huupiga udongo tangu asubuhi hata jioni.

2. Mawingu ni blanketi

Mchana udongo hupokea joto, na usiku joto hilo hupanda juu. Mawingu hulizuia kama blanketi. Mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, joto hupotea, na kabla ya mapambazuko majani ya mimea hupoa kuliko hewa yenyewe. Ndiyo sababu sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe kama chumvi, huweza kuonekana juu ya majani ingawa kipimajoto kilichotundikwa kimo cha kifua chaonyesha digrii 2 juu ya kuganda. Januari 2012, wakati wa kiangazi, sakitu iliunguza chai katika sehemu za Kericho na Nandi.

3. Baridi hutiririka kama maji

Hewa baridi ni nzito. Hufuata mteremko polepole na kutuama bondeni. Kwa hiyo jirani wawili waweza kulala salama jioni, na asubuhi wa juu akakuta viazi vyake vizima, wa chini akakuta vyake vimekuwa vyeusi. Tena, ua mnene uliokata mteremko huizuia hewa hiyo kama ukuta wa bwawa, nayo hujaa shambani.

4. Mambo ya kufanya

(a) Panda viazi na maharagwe penye mteremko. Mahali pa chini pawe pa majani ya ng'ombe.

(b) Fungua nafasi katika ua upande wa chini, ili baridi ipate njia ya kutoka.

(c) Jioni itazame mbingu. Ikiwa ni wazi, hakuna upepo, na baridi yaanza mapema, funika miche kwa magunia, uyaondoe asubuhi.

(d) Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu uliolimwa karibuni. Kama maji yapo, nyunyizia bustani mchana.

(e) Majani makavu ya kutandaza huhifadhi maji vizuri, lakini huzuia joto la udongo lisiufikie mmea usiku. Siku za hatari yasogeze mbali kidogo na miche.

(f) Viazi vikiungua, usiving'oe upesi. Ngoja siku kadhaa. Mara nyingi vitachipua tena kutoka chini.

Maswali ya kujipima

1. Mbona Julai ni baridi kwetu na joto Ulaya?
2. Ni sehemu gani ya shamba lako ambapo baridi hutuama?
3. Ua wako umekata mteremko au umeufuata?

Swali la pili na la tatu lijibu ukiwa shambani, kabla hujachagua mahali pa kupanda viazi vyako vya kiangazi.