Kuhamisha Kompyuta, Kuhamisha Amana



Muhula uliopita laptopu yangu ya zamani ilianza kuzima yenyewe. Nikakusanya pesa kidogo kidogo mpaka nikapata nyingine iliyotumika, hapa Mbarara. Aliyeniuzia alikuwa mtu mwepesi wa maneno. "Niachie zote mbili," akasema, "kesho utakuta kila kitu kimehamia, na hilo kuukuu nitalichukua nikupunguzie bei." Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni folda moja niliyoipa jina "Watu".

Ndugu msomaji, ukiwa na kompyuta Nakivale wewe ni karani wa mtaa, upende usipende. Pale Base Camp nimewaandikia majirani barua za maombi, nimewapigia skani vyeti vya shule kutoka Kongo na Burundi, karatasi za familia, barua za hospitali, picha za ndoa. Mtu anakuja na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, unamfanyia kazi, anakushukuru, anakwenda. Nakala inabaki kwako. Hakuna aliyekuambia "nihifadhie", wala hakuna aliyekuambia "futa". Je, hiyo ni amana?

Nililipeleka swali hili kwa mwalimu wangu wa fiqhi, naye akalipasua mara mbili. Amana inayozungumzwa na mafakihi katika mlango wa wadia ni kitu chenyewe: kanzu, mbuzi, dinari. Nakala ya karatasi ambayo mwenyewe anayo mkononi si mali yake uliyoishika. Ila ndani yake mna habari zake, na habari za mtu ni siri. Mtume (s.a.w.) amelihesabu kuwa amana hata neno ambalo mtu anakuambia huku akigeuka kutazama kama kuna anayesikia, hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi nakala ya namna hii wajibu wako juu yake ni kuificha, na haja ikiisha, kuifuta. Lakini ikiwa asili imepotea na kilichobaki ni hicho ulicho nacho wewe, mwalimu akasema, hapo umekaribia mlango wa wadia wenyewe, na uzembe wako una hesabu.

Sikujua kwamba aina hiyo ya pili ninayo.

Sasa nieleze nilivyohamisha, pamoja na makosa yangu, kwa sababu wengi wetu tutanunua mashine nyingine kabla ya kuhitimu. Kwanza, nakili, usikate. Ukikata na kubandika, faili likifika kule huku linaondoka. Umeme ukikatika au flashi ikichomoka katikati, hujui lipi liko wapi. Ukinakili, ya zamani inabaki kamili mpaka uridhike. Pili, angalia flashi yako imefomatiwa vipi. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo. Video ya ndoa ya jirani ilikataa kabisa mpaka nilipoifomati flashi upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyokuwamo, bila shaka. Tatu, usitafute kwenye folda ya nyaraka peke yake. Vitu vya watu hulala kwenye skrini ya mbele na kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na maneno ya siri yamo ndani ya kivinjari.

Nikanakili usiku kucha. Katikati mashine ikaleta onyo fulani, nami kwa usingizi nikabonyeza "ruka". Asubuhi nikaona folda zote zipo, majina yote yapo, nikafurahi. Nilikuwa nimeshapanga kuifuta ya zamani siku ileile.

Hapa ndipo masomo yetu yaliponisaidia, na nasema hivi kwa sababu wapo wanaotuuliza Islamic Studies ina faida gani nje ya mimbari. Wanafunzi wa hadithi wanalijua neno muqabala: kukilinganisha kilichonakiliwa na asili yake. Imepokewa kuwa Urwa bin Zubayr alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akajibu ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha, akajibu hapana. Baba akamwambia kwamba basi hajaandika. Na tazama mpangilio wa kazi ya Sayyidna Uthman (r.a.). Aliazima kurasa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, akawaagiza Zayd bin Thabit na wenzake wanakili, kurasa zikarudishwa kwa mwenyewe, misahafu ikapelekwa mijini, kisha ndipo ikaja amri ya kuyachoma maandishi mengine. Kuondoa kulikuja mwisho kabisa.

Nikarudi kulinganisha. Katika Windows unabonyeza folda kwa kitufe cha kulia, unafungua sifa zake, unasoma idadi ya faili na ukubwa wake. Folda ya zamani: faili 3,412. Mpya: 3,398. Kumi na nne hazikufika. Zilikuwa ndani ya folda zilizotumbukizwa ndani ya folda nyingine, kila moja na jina refu, na Windows kwa kawaida hukwama njia nzima ya faili inapozidi herufi 260 hivi. Nikafupisha majina, zikapita. Mbili zaidi zilikuwa na ukubwa sahihi lakini hazikufunguka, kwa kuwa niliichomoa flashi bila kuitoa kwa utaratibu. Kwa hiyo usitosheke na idadi, fungua pia.

Wiki hiyohiyo nikapata simu kutoka Nakivale. Mama mmoja jirani yetu. "Mwanangu, ile diploma yangu uliyoipiga picha mwaka ule, bado iko? Mvua imeingia ndani, karatasi yote imekuwa uji." Ameitiwa kazi ya kufundisha, wanataka kuiona. Nikatafuta. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi na nne.

Ningekubali ile punguzo la bei, ningemjibu nini? Nilimpelekea kwa WhatsApp, na Ijumaa nilipokwenda nyumbani nikampa iliyochapishwa pamoja na flashi yake mwenyewe. Nikamwambia aweke nakala nyingine kwa dada yake. Mwanafunzi wa hadithi anamkumbuka Ibn Lahia, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 Hijria. Inasimuliwa kuwa vitabu vyake viliungua, akawa anasimulia kwa kumbukumbu na kuchanganya, hata wanazuoni wengi wakatofautisha waliosikia kwake kabla na waliosikia baadaye. Uadilifu wake haukuokoa kilichowekwa mahali pamoja.

Likabaki suala la folda nzima, maana mimi niko Mbarara na wenye karatasi wako Nakivale au mbali zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj anasema mwenye wadia akitaka kusafiri airudishe kwa mwenyewe au wakili wake. Wakikosekana, kwa kadhi. Naye akikosekana, kwa mtu mwaminifu. Nikaipita orodha jina kwa jina. Wenye asili zao niliwauliza, wengi wakasema futa, nikafuta. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu asizishike kupita haja iliyozileta. Baadhi wamehamishiwa Marekani na Kanada, niliowapata niliwatumia.

Kuhusu mashine ya zamani: kulifuta faili hakuliondoi. Katika diski za kizamani zenye sahani zinazozunguka, kinachofutwa ni anwani tu. Maandishi yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuyarudisha zinapatikana bure. Ukitaka kuuza, chagua kuirudisha Windows upya kwa njia ile inayosafisha diski yote. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo fanya siku yenye umeme wa uhakika. Au itoe diski ubaki nayo, kama nilivyofanya mimi. Yule muuzaji hakufurahi, na punguzo likapungua.

Katika folda ya "Watu" sasa zimebaki faili sita, za familia mbili ambazo simu zao hazipatikani. Nimezifunga kwa neno la siri, na nakala yake iko kwa imamu wa msikiti wetu kule Nakivale, ambaye anawajua ndugu zao. Wallahu aalam.