Mgonjwa wa saratani asifungiwe kitandani

MAMA anayeuza ndizi katika soko la Gakoromone, mjini Meru, amezoea kurauka alfajiri, kuinua mikungu na kusimama kutwa. Akianza matibabu ya saratani, mambo hubadilika. Watoto humnyang'anya ndoo ya maji. Majirani humwambia, "Mama, wewe lala tu." Hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini je, kulala tu kunamsaidia?

Uchovu wa saratani na matibabu yake si kama uchovu wa kazi. Mtu anaweza kulala usiku kucha na aamke amechoka vile vile. Akikaa kitandani wiki baada ya wiki, misuli hunywea na moyo hupoteza nguvu. Mwishowe hata kwenda msalani humchosha, naye huzidi kulala.

Dawa ya hali hiyo ni mazoezi mepesi ya kila mara. Mwongozo wa wataalamu wa nchi mbalimbali uliotolewa mwaka wa 2019 unasema kuwa mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Mwaka wa 2022, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani nacho kilishauri mazoezi yafanywe hata wakati matibabu yakiendelea. Hata hivyo, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa.

Aanzeje? Kwanza, amwulize daktari wake, hasa ikiwa saratani imefika kwenye mifupa, damu imepungua au ana ugonjwa wa moyo.

Akiruhusiwa, aanze kwa kutembea dakika 5 au 10 mahali tambarare, kisha aongeze kidogo kidogo. Mwendo ufaao ni ule unaomwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Anaweza pia kukaa na kusimama kutoka kitini mara 10, ili miguu ipate nguvu. Siku anazolemewa na dawa, apunguze au apumzike.

Dawa za saratani zinaweza kudhoofisha kinga ya mwili. Kwa hivyo atembee asubuhi kabla soko halijafurika watu, na aepuke wenye homa na kikohozi.

Akihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, aache mara moja na atafute msaada. Joto la mwili likifika nyuzi 38, aende hospitali mara moja, bila kungoja kesho.

Nanyi jamaa, mgonjwa akiweza kusimama, msimrudishe kitandani. Mshikeni mkono mtembee naye hadi langoni leo, na kesho hadi kwa jirani. Mwenda pole hajikwai.