Kishikwambi kipya nyumbani: Linda macho, shingo na usingizi

Kishikwambi si kitu kigeni tena hapa nchini. Wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma walianza kupewa vifaa hivi mwaka 2016, na makarani wa sensa ya 2019 walivitumia kuhesabu watu. Sasa vimeingia katika nyumba nyingi za mijini.

Siku za kwanza kila mtu hukigombea. Baba asoma habari, mama atazama filamu, watoto wacheza michezo. Wiki haijaisha, malalamiko huanza: macho yanawasha, shingo inauma, mtoto hataki kulala. Je, chanzo ni nini?

Macho
Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kope hutandaza machozi juu ya jicho. Anapokazia macho kioo, idadi hiyo hupungua kwa nusu au zaidi. Jicho hukauka, huwasha na kuona ukungu. Kwa hivyo, kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Weka kifaa umbali wa sentimita 40 hivi kutoka usoni, na uongeze ukubwa wa maandishi badala ya kukisogeza karibu.

Shingo
Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014, Dkt Kenneth Hansraj, mpasuaji wa New York, alikadiria kwamba mtu akikiinamisha kwa nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa kama kilo 27. Huo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa simiti! Usikiweke kishikwambi mapajani. Kisimamishe mezani, ukiegemeze kwa vitabu.

Usingizi
Giza linapoingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huleta usingizi. Mwanga wa kioo huichelewesha. Zima kifaa saa moja kabla ya kulala, na ukichajie sebuleni, si chumbani mwa watoto.

Watoto
Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto walio chini ya miaka miwili wasiketishwe mbele ya kioo kabisa. Wale wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku.

Kwa watoto wakubwa, kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu huhusishwa na tatizo la kutoona mbali, ilhali kucheza nje mchana hupunguza hatari hiyo. Mzazi, kuwa macho. Mtoto asiyeona ubao vizuri hunakili makosa, na huenda akaitwa mzembe au mjinga bure. Ukimwona akifinya macho au akisogelea sana televisheni, mpeleke kwa daktari wa macho. Mara nyingi miwani hutosha.

Kishikwambi ni chombo chenye faida kikitumiwa kwa kiasi. Weka masharti katika wiki hiyo ya kwanza, kabla mazoea hayajakomaa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.