Siku ya Mungu Mjini Bogotá

Bogotá ni mji mkuu wa nchi ya Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Umejengwa juu milimani, mita 2,600 hivi kupita bahari. Kwa hiyo, ijapokuwa ikweta haiko mbali, asubuhi kuna baridi na watu huvaa makoti. Wakaaji wake wanapita milioni saba.

Siku za kazi, njia za Bogotá ni za motokari. Zinasongamana, zinapiga honi, zinatoa moshi. Mtoto hathubutu kutia mguu njiani; mama yake humshika mkono kwa nguvu.

Lakini siku ya Mungu, saa moja ya asubuhi, walinzi wanaweka vizuizi. Njia kubwa, jumla kilometa zaidi ya 120, zinafungiwa motokari mpaka saa nane ya mchana. Ndipo watu wanatoka! Huyu anapanda kinga, yule anakimbia, mzee anatembea polepole na mbwa wake. Baba anamfundisha binti yake kuendesha kinga katikati ya njia ileile walimopita jana malori. Binti akianguka, anaamka tu. Hakuna cha kumkanyaga. Kando ya njia wanauza maji ya machungwa. Fundi naye anangoja na pompi yake, kwa maana mipira ya kinga hutoboka hata siku ya Mungu. Penye njia panda mlinzi anainua kibao, na wenye kinga wanasimama ili motokari zivuke: nazo zina zamu yao.

Desturi hiyo haikuanguka toka mawinguni. Mwezi wa Desemba 1974 wapenzi wa kinga walijaa njiani, wakidai nafasi yao. Baadaye desturi ikafifia. Katika miaka ya 1990 wakubwa wa mji wakaifufua. Tajiri na maskini wanatumia njia moja, wala hawalipi kitu.

Wengine wanapanda kwa miguu mlima Monserrate, wenye kanisa juu yake. Huko, kwenye mita 3,152, wanapumzika na kutazama mji wote chini. Wakirudi njaa inawauma. Nyumbani kuna supu iitwayo ajiaco, ya kuku, mahindi na viazi vya namna tatu.

Saa nane inafika. Vizuizi vinaondolewa, motokari ya kwanza inapita. Mama anamwita mtoto wake kandoni, anamshika mkono.

Maulizo: Kwa nini Bogotá kuna baridi? Njia zinafungwa saa ngapi, zinafunguliwa saa ngapi? Katika mji wenu, njia ni ya nani?