Nyumba ya Kuishi Inapogeuzwa Nyumba ya Wageni: Wajibu wa Mwenye Nyumba na Haki ya Jirani

SOMO LA WAKAAZI WA WADI

Shabaha ya somo: Baada ya kulisoma, mkaazi ataweza kueleza ni nani anayetoa ruhusa ya kukodisha nyumba kwa wageni wa siku chache, ni mambo gani ya kutengeneza kabla ya kumpokea mgeni wa kwanza, na jirani afuate njia gani anapopata usumbufu.

Katika mitaa ya Shangani, Kiponda, Malindi na Mkunazini, ipo milango ambayo kwa miaka mingi ilifunguliwa na watu wa familia moja, na leo ufunguo wake hupokewa na mtu mpya kila baada ya siku mbili tatu. Hali hiyo haikuishia Mji Mkongwe. Nungwi, Paje, Jambiani na Kizimkazi nako nyumba za kijiji zimeingia katika biashara ya kulaza wageni kupitia mitandao ya intaneti. Sababu yake inaeleweka. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 idadi ikapita 700,000. Kwa visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilivihesabia watu 1,889,773, hiyo ni neema kubwa, na pia ni mzigo mkubwa kwa mitaa iliyojengwa kwa ajili ya kukaa watu na majirani zao.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Somo hili linaeleza masharti yanayomwezesha mwenyeji kupona bila ya jirani kuumia.

1. Nyumba ipi inahusika?

Wapo wanaodhani kwamba sheria za utalii huwahusu wenye hoteli tu, na kwamba mwenye vyumba viwili vya juu si mfanyabiashara. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Utalii ya Zanzibar ya mwaka 2009 iliweka msingi kwamba biashara ya utalii haiendeshwi bila ya leseni ya Kamisheni ya Utalii. Kinachotazamwa ni kazi inayofanyika ndani ya nyumba, wala si ukubwa wa jengo au kuwepo kwa kibao mlangoni. Anayelaza watalii kwa malipo ya kila usiku anafanya biashara ya malazi, hata kama tangazo lake lipo katika simu tu na hata kama yeye mwenyewe anaishi chini.

Ndugu aliyekuja kutoka Pemba kwa harusi, au mwanafunzi aliyepanga chumba kwa mwaka mzima, hayumo katika hesabu hiyo.

2. Kwanza: nani mwenye haki juu ya nyumba?

Kabla ya kuomba leseni yoyote, mwenye nia ajiulize iwapo nyumba ni yake kuiamulia. Katika Mji Mkongwe swali hili lina uzito kuliko mahali pengine popote Unguja, kwa sababu nyumba nyingi zina hali mojawapo kati ya hizi tatu.

(a) Nyumba ya mirathi. Marehemu ameacha nyumba, warithi hawajagawana, na mmoja wao ndiye anayeshika funguo. Huyo ni mshirika tu katika mali. Kabla ya kukodisha chumba, warithi wote wakubaliane, wakiwemo wanawake walioolewa mitaa mengine na ndugu waliopo Muscat, Dubai au London. Mirathi ya Waislamu hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pamoja na Mahakama za Kadhi. Makubaliano yaandikwe, na mgawanyo wa mapato uonekane katika maandishi hayo. Ugomvi wa ndugu huanza siku pesa inapoingia, mara nyingi kabla ya nyumba kuanza kuvuja.

(b) Nyumba ya wakfu. Aliyeiweka wakfu alikusudia manufaa maalumu: msikiti, maskini au kizazi chake. Anayeishi humo ni mpangaji wa wakfu, hivyo kumkodishia mtu wa tatu bila ya ridhaa ya Kamisheni ni kutumia mali isiyokuwa yake.

(c) Nyumba ya Serikali. Mpangaji hupewa nyumba akae. Akitaka kuitumia kwa jambo jengine, hana budi kupata ruhusa ya maandishi ya taasisi iliyompangisha.

Mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi naye yumo katika kanuni hiyo hiyo.

3. Milango ya kubishia hodi

Hakuna ofisi moja inayomaliza kila kitu. Kila chombo hutazama upande wake, na kibali cha mmoja hakiondoi haja ya kibali cha mwengine.

Sheha ni wa mwanzo. Yeye ndiye anayejua nani anaishi wapi katika shehia, na kwake ndiko malalamiko hufika kabla ya kwengine. Mwenye nyumba atakayemweleza nia yake mapema atajiepushia mengi.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inahusika na kila nyumba iliyomo ndani ya eneo la hifadhi. Kubadilisha matumizi ya jengo, kuongeza choo, kutoboa ukuta, kuinua paa, kubadilisha mlango au dirisha na kutundika kibao, yote yanahitaji ruhusa yake kabla ya fundi kuanza kazi. Mji uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwezi wa Disemba 2000, na heshima hiyo inashikiliwa na jumla ya nyumba ndogo ndogo za mitaani, si majumba ya pwani peke yake.

Kamisheni ya Utalii hukagua malazi na kutoa leseni ya utalii.

Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato mwaka 2022, husajili mlipakodi. Malazi ya wageni huhusiana na ushuru wa hoteli, kodi ya ongezeko la thamani na ada ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mgeni kwa usiku. Viwango huweza kubadilika kila bajeti mpya inapoanza mwezi wa Julai. Kwa hivyo mwenye nyumba asitegemee kiwango alichosikia kwa jirani mwaka jana; aulize ofisi yenyewe.

Kikosi cha Zimamoto na Uokozi hutazama njia za kutokea na vifaa vya kuzimia moto. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari la zimamoto, hivyo dakika za mwanzo za moto zimo mikononi mwa watu wa nyumba yenyewe. Mitungi ya kuzimia moto, nyaya za umeme zilizokaguliwa na ngazi isiyozibwa na magodoro ni kinga ya mtaa mzima.

Baraza la Manispaa au Halmashauri hushughulikia taka, usafi na utulivu wa mtaa.

Mwenye nyumba anatakiwa pia kuweka kitabu cha wageni: jina, nambari ya pasipoti, uraia, siku ya kuingia na siku ya kuondoka. Siku likitokea jambo, kitabu hicho ndicho kitakachomlinda.

4. Ukuta wa chokaa, boriti na maji

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti. Jengo la namna hii huishi miaka mingi likiwa kavu, na adui yake mkubwa ni maji.

Nyumba ya kuishi ilikuwa na choo kimoja au viwili, aghalabu upande mmoja wa jengo. Mgeni wa siku hizi hutaka choo na bafu ndani ya chumba chake. Mwenye nyumba akiweka mabafu manne ghorofa ya pili, mabomba hupitishwa katika kuta zisizowahi kubeba maji, vigae huongeza uzito juu ya boriti, na tangi la lita elfu moja hupandishwa juu ya paa. Maji ya tangi hilo peke yake yana uzito wa tani moja. Uvujaji mdogo ndani ya ukuta hauonekani hadi ncha ya boriti ioze. Fundi akija kuficha unyevu kwa plasta ya saruji, hali huwa mbaya zaidi, kwani saruji huyafungia maji ndani wakati chokaa ingeyaacha yatoke.

Madhara hayakai upande mmoja. Nyumba nyingi hutumia ukuta wa pamoja, na boriti za jirani zimeegemea ukuta huo huo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Msiba huo uliwakumbusha wakaazi kwamba majengo haya hayasamehe kupuuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika Mji Mkongwe, huenda ukujengee na ukuta wa jirani.

Kwa vijiji vya pwani, somo ni la ardhini. Mwamba wa matumbawe hupitisha maji upesi, na maji matamu ya visima hukaa juu ya maji ya chumvi. Shimo la choo lisilojengwa vyema huchafua kisima cha jirani, na maji yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Ukubwa wa shimo na umbali wake kutoka kisimani viamuliwe na mtaalamu kabla ya vyumba kuongezwa.

5. Haki ya jirani

Ujirani wa Unguja umejengeka juu ya sitara. Nyumba ya zamani ina ua wa ndani, madirisha ya juu na baraza la nje ili wa ndani wasionekane na wa nje wapate pa kukaa. Mgeni anayepigwa jua juu ya paa huweza kuutazama ua ambao wanawake wa jirani wamezoea kuanikia nguo wakiwa vichwa wazi. Yeye hajui kosa lake. Anayejua ni mwenye nyumba, na wajibu wa kumweleza ni wake.

Maelezo yabandikwe chumbani kwa lugha anayoifahamu mgeni: mavazi ya kupita mitaani, ukimya wa usiku na wakati wa sala, adabu ya mwezi wa Ramadhani, kutopiga watu picha bila ya idhini, na siku za kutoa taka. Azuiliwe kukaa upande wa paa unaotazama ua wa watu. Atambulishwe kwa mtu mmoja anayeishi karibu, mwenye simu inayopokewa hata saa nane za usiku. Nyumba ambayo mwenyewe yupo ng'ambo na ufunguo umo katika kisanduku mlangoni humwachia jirani kazi ya ulinzi bila ya mshahara.

Kuuza vileo kuna sheria yake na kibali chake. Leseni ya malazi haibebi ruhusa hiyo.

6. Hesabu kabla ya rangi

Tuchukulie, kwa mfano tu, chumba cha shilingi 60,000 kwa usiku kinachopata wageni kwa siku 12 katika mwezi, kila mgeni akiwa peke yake.

Mapato: 720,000
Kamisheni ya mtandao, asilimia 15: 108,000
Dobi na usafi, 8,000 kwa usiku: 96,000
Chakula cha asubuhi, 10,000 kwa usiku: 120,000
Umeme na maji: 90,000
Baki: 306,000

Katika baki hiyo bado hazijatolewa kodi, ada za leseni wala akiba ya matengenezo, na wakati wa masika wageni hupungua. Familia iweke hesabu hii pembeni ya kodi ya mpangaji wa kudumu, ambaye hulipa mwezi wa Mei kama anavyolipa mwezi wa Agosti. Huenda wageni wakaleta faida kubwa zaidi, na huenda wasilete. Jambo la muhimu ni kuamua baada ya hesabu, kabla ya kumtoa mpangaji mwenye watoto wanaosoma skuli ya mtaa huo.

7. Miji mengine imefanya nini?

Zanzibar haipo peke yake. Mji wa New York, tangu Septemba 2023, unamtaka mwenye nyumba ajisajili, awepo nyumbani mgeni anapolala, na asilaze wageni zaidi ya wawili kwa ukodishaji wa chini ya siku 30. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii zaidi ya 10,000 hazitaendelezwa baada ya Novemba 2028. Karibu zaidi, Lamu, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, imeshuhudia nyumba nyingi za kale, hasa Shela, zikinunuliwa na wageni na kuwa nyumba za mapumziko. Funzo linalojirudia ni moja: mji uliosubiri hadi wenyeji wamehama hulazimika kutumia hatua kali, na uliosajili mapema hubaki na nafasi ya kuchagua.

8. Jirani anapopata usumbufu

Aanze kwa kuzungumza na mwenye nyumba. Isipofaa, aende kwa Sheha na malalamiko yaandikwe pamoja na tarehe. Ufa, unyevu au ujenzi usioeleweka ndani ya eneo la hifadhi uripotiwe kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Taka na maji machafu kwa Baraza. Malazi yasiyo na leseni kwa Kamisheni ya Utalii. Vurugu ya usiku ni kazi ya Polisi. Kumfokea mgeni barabarani hakusaidii, kwani yeye amelipa na kuamini kwamba kila kitu kipo sawa.

Maswali ya kujadili katika vikao vya shehia

1. Katika mtaa wenu, nyumba ngapi zilizokuwa na familia miaka kumi iliyopita sasa zinalaza wageni? Familia hizo zimehamia wapi?
2. Warithi wanne wanataka kukodisha na mmoja, anayeishi humo na wanawe, hataki. Wakae vipi ili haki ya kila mmoja isipotee?
3. Ni masharti gani matano mngependa kila mgeni ayakute yameandikwa chumbani?
4. Ukuta wenu wa pamoja umekaguliwa lini mara ya mwisho, na nani aliukagua?