Buibui Mlinzi wa Mpunga

Wengi wetu tukimwona buibui shambani tunamponda kwa mguu. Leo tusome habari za buibui ambaye mkulima wa mpunga hafai kumwua.

Buibui huyu ni nani?

Buibui huyu hukaa penye maji baridi. Anajulikana sana katika mashamba ya mpunga ya Indonesia na Ufilipino. Jamaa zake wako pia hapa Afrika Mashariki, katika majaruba na kando ya mito.

Ana miguu minane na macho manane. Rangi yake ni ya kahawia. Hatandi utando wa kunasia wadudu. Huwinda kwa mbio, kama mbwa mwitu. Hata juu ya maji hukimbia bila kuzama.

Jike huyatia mayai yake katika kifuko cha nyuzi. Kifuko hicho hukibeba nyuma ya tumbo popote aendapo. Watoto wakitoka, hupanda mgongoni mwa mama. Mama mmoja aweza kubeba watoto 60 hadi 80.

Ana faida gani?

Hula wadudu wanaoharibu mpunga. Kwa siku moja, buibui mmoja aweza kula wadudu 5 hadi 15. Hadai mshahara.

Mambo yaliyotokea Indonesia

Katika miaka ya 1970 na 1980, wakulima wengi wa Indonesia walipiga dawa nyingi. Walitaka kumwua mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza maji ya mpunga. Lakini mdudu huyo alizidi kuongezeka. Kwa nini?

Mdudu huyo hutaga mayai ndani ya shina. Dawa haiyafikii. Buibui hutembea nje, kwa hiyo dawa humwua. Mayai yalipoanguliwa, adui wao hakuwapo tena. Mpunga ulikauka. Mkulima alipoteza fedha za dawa, kisha akapoteza chakula.

Mwaka 1986 serikali ya Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Tangu mwaka 1989 wakulima walifundishwa katika mashamba darasa. Walijifunza kutambua wadudu wabaya na wadudu rafiki.

Tufanye nini?

1. Usipige dawa kwa mazoea. Kwanza ingia shambani, ukague mashina ya mpunga sehemu mbalimbali.

2. Hesabu wadudu waharibifu. Hesabu na buibui. Andika hesabu yako katika daftari.

3. Ukiona buibui wengi na waharibifu wachache, ngoja. Baada ya siku chache kagua tena.

4. Waharibifu wakizidi, mwone bwana shamba kabla ya kununua dawa.

Kumbuka: dawa haichagui. Humwua mwizi, humwua na mlinzi.

Maswali

1. Buibui huyu hukamataje chakula chake?

2. Mama hubeba wapi mayai yake? Watoto je?

3. Kwa nini wadudu waliongezeka Indonesia baada ya kupigwa dawa?

4. Buibui mmoja akila wadudu 10 kwa siku, buibui 20 watakula wadudu wangapi kwa siku 7?

Kazi ya kikundi

Nendeni pamoja kwenye jaruba lililo karibu na darasa. Tafuteni buibui aliyebeba kifuko au watoto. Mtazameni, msimwue. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya mambo aliyoyaona.